KULINDA MACHO

Mithali husema: Macho hayana pazia. Ni kweli, mwenye macho huona mengi asiyoyatafuta. Lakini wako watu waifanyao mithali hii kisingizio cha kutazama yasiyowapasa. Mkristu asiseme hivyo. Mungu aliyeumba jicho aliliwekea kope, na shingo akaijalia kugeuka.

Yafaa kupambanua mambo mawili: kuona na kutazama. Mtu apitaye njia ya mtoni akakuta wengine wanaoga, hakutenda dhambi kwa kuwaona ghafula. Dhambi huanza pale anaposimama, akakaza macho kwa kusudi na kuikaribisha tamaa moyoni. Ndiyo maana Yezu alifundisha kwamba uzinzi waweza kutendeka moyoni, kwa jicho la tamaa tu (Mt. 5).

Sikilizeni habari za mfalme Daudi (2 Sam. 11). Jeshi lake lilikuwa vitani, naye alibaki Yeruzalemu. Jioni moja alitembea juu ya paa la nyumba yake, kwa maana mapaa ya nchi ile yalikuwa tambarare. Akaona mwanamke anaoga. Hapo angaliweza kushuka, na habari ingalikwisha. Hakushuka, akatuma kuuliza ni nani. Akajibiwa kwamba ni mke wa Uria, askari wake. Hilo lilikuwa onyo, wala hakulijali. Akamtwaa yule mwanamke. Na alipopata mimba, Daudi akaagiza Uria awekwe penye vita vikali ili afe. Baadaye Daudi alitubu, Mungu akamsamehe. Lakini Uria hakurudi tena nyumbani kwake.

Wala si uzinzi peke yake uingiao kwa mlango wa macho. Akani aliona kati ya nyara za Yeriko vazi zuri, fedha na dhahabu, akavitamani, akavitwaa, akavificha hemani (Yos. 7). Vivyo hivyo atazamaye kila siku kwa kijicho baiskeli ya jirani, au shamba lake la mihogo, anaandaa moyoni mwake wizi au chuki.

Lakini kulinda macho si kuyafumba daima. Katika mfano wa Msamaria mwema (Lk. 10), kuhani na Mlawi walimwona mtu aliyejeruhiwa, wakapita kando. Hao waliyageuza macho pale yalipopasa kukaa. Msamaria alimwona, akamhurumia. Basi jicho la Mkristu hugeuka mbele ya kishawishi, bali hukaa mbele ya mgonjwa, yatima na mjane.

Enyi wakatekumeni, katika ibada ya kuwapokea wakatekumeni, alama ya msalaba yaweza kutiwa juu ya macho pia. Maana yake, macho hayo ni ya Kristu. Kishawishi kijapo, msibishane nacho: geuzeni macho mara moja, mtaje jina la Yezu, mshike kazi yenu. Aliyeanguka asikate tamaa. Ajute, aombe huruma ya Mungu, aanze tena.

MAULIZO

1. Je, kuona kibaya kwa ghafula ni dhambi?
Hapana, moyo usipokikubali.

2. Daudi alikosa wapi kwanza?
Alipoona, asigeuke.

3. Macho ya Mkristu yafunguke mbele ya nani?
Mbele ya Mungu katika sala, na mbele ya jirani mwenye shida.