VIAZI VYAKO VINA UNGA AU VINA MAJI?

Mkulima wa skimu, je, umepata kuambiwa na mnunuzi wa viazi vya kukaanga, "Viazi hivi vina maji mengi, sivitaki"? Kwa macho viazi vyote hufanana. Lakini ukiwa na ndoo na mizani utajua ukweli nyumbani, kabla hujalipia lori.

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita 1 ya viazi ni nzito zaidi. Gawanya uzito wa lita 1 ya viazi kwa uzito wa lita 1 ya maji, nawe utapata uzito linganifu. Fanya hivi:

1. Pima ndoo tupu. Ijaze maji mpaka ukingoni, upime tena, kisha toa uzito wa ndoo. Tuseme maji ni kilo 10.

2. Mwaga maji. Tia ndani kilo 5 za viazi vilivyooshwa na kukauka. Jaza maji tena mpaka ukingoni, ukiitikisa ndoo ili mapovu yatoke.

3. Pima. Toa uzito wa ndoo na kilo 5 za viazi. Tuseme maji sasa ni kilo 5.37.

4. Maji yaliyopungua ni 10 kutoa 5.37, yaani kilo 4.63. Basi viazi vimechukua nafasi ya lita 4.63.

5. Gawanya 5 kwa 4.63. Kila lita ya viazi ina kilo 1.08. Gawanya kwa 1, uzito wa lita ya maji: uzito linganifu ni 1.08. Hausemwi kwa kilo wala kwa lita.

Viazi vya 1.08 au zaidi vyafaa kukaangwa. Karibu sehemu 20 katika 100 ni vitu vikavu, hasa wanga. Vya 1.05 vina sehemu 14 tu. Hivyo hunywa mafuta mengi.

Angalia sana: kosa la gramu 50 laweza kukudanganya. Pima mara tatu.

Ukipata hesabu ndogo, usiharakishe kuchimba. Viazi vichanga vina maji. Ngoja majani yakauke yenyewe, na msimu ujao usizidishe mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia majani. Mnunuzi akija, mwonyeshe hesabu yako.