Somo la Afya: Kansa ya Kizazi Inapofika Ubongoni

Ndugu wakazi wa kambi, hasa akina mama,

Kansa iliyoanza kwenye kizazi huweza kuachia chembe zikaingia katika damu na kuota kwingine: mapafu, ini, mifupa. Mara chache hufika ubongoni. Hiyo si kansa mpya ya kichwa. Ni ile ile ya kizazi, imehama.

Dalili zake ni kichwa kuuma kila siku, zaidi alfajiri, pamoja na kutapika. Kifafa kwa mtu ambaye hajawahi kuanguka. Mkono na mguu wa upande mmoja kulegea. Ulimi kuwa mzito. Wengi wetu hapa Tungue tukiona hivyo tunasema ni jini, na siku zinapotea kwa mganga. Malaria kali na kifafa cha mimba navyo huleta hali kama hiyo na huua haraka. Kwa hiyo nendeni kwanza kituo cha afya, usiku au mchana.

Kansa ya mlango wa kizazi, inayowapata wanawake wengi zaidi Msumbiji, hufika ubongoni kwa nadra. Inayopenda kwenda huko ni koriokasinoma, inayotokana na kondo la nyuma. Hufuata mimba zabibu, mimba iliyoharibika, au hata uzazi wa kawaida. Ubongoni huvuja damu, na mama kijana huanguka ghafla kama mwenye kiharusi. Kama ulisafishwa mimba zabibu, rudi kupimwa kila tarehe uliyopewa, na usishike mimba mpaka daktari akuruhusu. Kansa hii husikia dawa, mojawapo methotreksati, na wengi wanaomaliza matibabu hupona hata ikiwa imeenea.

Kansa nyingine zikifika ubongoni, matibabu hasa hupunguza mateso na kuongeza muda. Deksamethasoni hupunguza uvimbe. Kivimbe kimoja huweza kuondolewa kwa upasuaji. Vikiwa vingi hutibiwa kwa mionzi. Mashine ya mionzi ipo Hospitali Kuu ya Maputo tangu 2019, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Sisemi ni rahisi. Msiuze vitu kwa ajili ya nauli kabla daktari hajaandika barua ya rufaa. Anayebaki kambini naye anastahili dawa ya maumivu, hata mofini, ndugu waiulizie. Akianguka kifafa mlazeni ubavu, msimtie kijiko mdomoni.

Mkienda kituoni chukueni kadi ya kliniki. Kama ilipotea tulipokimbia Palma Machi 2021, mwambieni nesi tarehe ya mimba ya mwisho na jinsi ilivyoisha.