Kabla ya kununua kitabu cha kuchoma nyama

Picha za vitabu vya nyama choma hutia hamu, lakini picha haimwambii mpishi kama kuku ameiva ndani. Kabla hujatoa pesa zako, fungua ukurasa wa kuku na utazame mambo matatu.

Kwanza, je, kinataja joto la ndani ya nyama? Kuku afike nyuzi 74 za Selsiasi kwenye mnofu mnene, nayo nyama ya kusaga nyuzi 71. Dakika peke yake hazitoshi, kwani moto wa makaa hubadilika.

Pili, tazama vipimo. Vitabu vya Marekani hutumia Farenhaiti. Ondoa 32, zidisha kwa 5, kisha gawanya kwa 9: 165 huwa 74.

Tatu, je, kinakuonya usitie nyama iliyoiva katika sahani iliyobeba mbichi? Viini vya salmonela hupitia hapo na kuleta homa na kuhara.

Kisipokuwa na haya, kirudishe rafuni. Ikiwa tayari unacho nyumbani, nunua kipimajoto cha nyama na uandike nyuzi hizo pambizoni mwa ukurasa. Watoto wako hawatalipia makosa ya kitabu.