Dondoo muhimu: Field yako Nairobi

Makao makuu ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) yako Gigiri, Nairobi. Kwa Mtanzania anayesoma sayansi ya mazingira, ni ughaibuni kwa safari ya basi.

• Piga hesabu kwanza. UNEP haiwalipi wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo (field): nauli, kodi ya chumba na bima ya afya ni juu yako. Kaa na wazazi, uliza chuoni kuhusu msaada, kabla ya kujaza fomu. Inauma kijana hodari akirudi nyumbani katikati ya mafunzo kwa kukosa kodi.

• Omba ukiwa mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, au ukisoma uzamili.

• Beba sweta. Julai kuna baridi.

• Kila Ijumaa andika ulichofanya. Chuo kitadai ripoti.