Gari Linapokataa Kuwaka: Sikiliza Kwanza



Kwa sisi tunaoishi kati ya Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa, gari lisilowaka si jambo dogo. Pengine ndani yake yumo mama mjamzito anayetakiwa kufika hospitali ya Liuli kabla ya jua kuchwa. Watu wakihangaika, kwa kawaida hufanya mambo mawili: hupiga stata mpaka betri inakufa, au huliachia gari literemke mlima. Yote mawili huweza kugeuza ubovu mdogo kuwa mkubwa. Katika somo hili tutajifunza njia iliyo bora, yaani kutafuta sababu kabla ya kugusa chochote.

INJINI INATAKA NINI

Injini ya petroli inataka mafuta, hewa, na cheche ya plagi kwa wakati wake. Injini ya dizeli haitumii cheche. Hewa hubanwa kwa nguvu hata ikawa ya moto sana, na dizeli ikipulizwa humo huwaka yenyewe. Lakini zote mbili zinahitaji stata izungushe injini kwa kasi ya kutosha. Kwa hiyo swali la kwanza ni hili: je, stata inazungusha injini, au haizungushi?

Kabla ya kuanza, vuta handibreki, weka gia huru, na tia jiwe kwenye gurudumu. Usimulike betri wala tangi kwa koroboi au kiberiti. Betri hutoa hewa inayolipuka, na maji yake ni tindikali inayounguza macho. Tumia tochi.

SAUTI NNE

Washa taa kubwa, kisha mwombe mwenzako apige stata. Wewe sikiliza na kuangalia taa.

1. Kimya, na taa ni hafifu au zinazimika. Betri imekwisha nguvu au vichwa vyake vimelegea. Ukiona unga mweupe au wa kijani juu ya vichwa, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya. Sugua mpaka chuma king'ae, halafu funga chanya kwanza na hasi mwisho. Mara nyingi gari huwaka hapo hapo bila kununua kitu.

2. Tak-tak-tak ya haraka. Umeme upo, lakini hautoshi. Ni betri tena, au vichwa vyake.

3. "Taki" moja tu, na taa zinang'aa. Betri ni nzima. Shaka iko kwenye stata au waya wake mnene. Kama ni kimya kabisa na taa zinang'aa, angalia swichi na waya mdogo wa stata. Kwa gari la gia otomatiki, hakikisha gia iko kwenye P.

4. Stata inazungusha vizuri, lakini injini haishiki. Hapo iache betri, haina kosa. Tafuta mafuta au cheche.

Tukumbuke pia baridi. Asubuhi za Juni na Julai huko Umatengo, nguvu ya betri hupungua na oili ya injini huwa nzito. Betri iliyochoka inaweza kuwasha gari vizuri Mbamba Bay, na ikashindwa ikilala usiku mmoja Mbinga.

STATA IKIZUNGUSHA

Kwanza hakikisha mafuta yapo. Geji huweza kudanganya, hasa gari likiwa limeegeshwa mlimani. Kwa gari la petroli la siku hizi, fungua swichi bila kupiga stata. Magari mengi hutoa mlio mdogo wa pampu kwa sekunde moja au mbili. Usiposikia, angalia fyuzi ya pampu. Kwa gari la zamani lenye kabureta, harufu kali ya petroli maana yake injini imelewa mafuta: subiri kidogo, kanyaga mafuta mpaka chini, kisha piga stata. Wakati wa mvua, kausha waya za plagi na kifuniko cha distributa kwa kitambaa kikavu.

Kwa dizeli, asubuhi ya baridi ngoja taa ya hita izimike kabla ya kupiga stata. Kama gari liliishiwa mafuta, hewa imeingia kwenye mabomba. Gari lenye pampu ya mkono juu ya chujio, ibonyeze mpaka iwe ngumu. Mafuta ya madumu huweza kuwa na maji, basi fungua chini ya chujio uyamwage.

Kila mara usipige stata zaidi ya sekunde kumi. Pumzika walau nusu dakika, ndipo ujaribu tena.

KUSUKUMA NA KUAZIMA UMEME

Gari la gia za mkono lenye betri dhaifu husukumwa mahali pa tambarare: swichi wazi, gia ya pili, klachi chini, likipata mwendo, achia klachi. Gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Wala gari lolote lisiachiwe kwenye mteremko mkali. Injini ikiwa imezimika, msaada wa breki hutoweka baada ya kukanyaga mara chache, pedali huwa ngumu kama jiwe, na usukani huwa mzito. Ukichomoa ufunguo, usukani hujifunga. Kwenye kona za kushuka ziwani, hiyo ni hatari ya mauti.

Ukiazima umeme wa gari jingine, waya mwekundu uunge chanya kwa chanya. Waya mweusi uanzie hasi ya betri nzima, umalizikie kwenye chuma kitupu cha injini ya gari bovu, mbali na betri.

BAADA YA KUWAKA

Kazi haijaisha. Pima betri kwa kipimo cha umeme. Ikiwa imepumzika na imejaa, huonyesha kama volti 12.6, chini ya 12 imekaribia kwisha. Injini ikiunguruma, kwa kawaida ionyeshe kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12, altaneta haichaji, na ukinunua betri mpya nayo itakufa. Fedha ya kahawa ya mwaka mzima isipotee kwa kubahatisha.

Fundi naye asaidiwe. Usimwambie tu, "Gari bovu." Mwambie ulisikia sauti gani, na taa zilifanyaje.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Taa zinang'aa, stata inalia "taki" moja. Je, ununue betri? Eleza.
2. Kwa nini gari lililozimika ni hatari mlimani?
3. Katika kijiji chenu, ni nani wawili watakaojifunza hatua hizi, ili mgonjwa asikwame usiku?