Sebule Inapogeuka Chumba cha Wageni

Julai na Agosti, baridi ya Mlima Kenya inapoteremka Meru na Embu, wengi wetu humlaza mgeni sebuleni, mbele ya runinga, kwa kuwa hakuna chumba cha ziada. (Kuongeza chumba kunahitaji kibali cha kaunti kabla ya ujenzi.)

Ukipanga sebule hiyo, anza na kitanda, si runinga. Chora kwa chaki sakafuni nafasi ya godoro la futi 4 kwa 6. Je, mlango bado unafunguka? Runinga itundikwe ukutani, na meza iwe nyepesi ya kusogezwa. Pazia zito litampa mgeni faragha watoto wakiamka mapema.

Zito zaidi ni hewa. Usizibe matundu ya juu ya dirisha kwa sababu ya baridi, wala usimwachie mgeni jiko la makaa, hata makaa yakionekana kufifia. Hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo. Mpe blanketi la pili. Mtu akiumwa kichwa na kuona kizunguzungu penye jiko, mtoeni nje mara moja, kisha hospitalini.