Jani la Mlonge Lina Nini?

Hapa Kengeja, kusini mwa Pemba, mlonge ni mti unaojulikana. Wengine huuita mzunze. Ni dawa, na majani yake ni mboga. Watu husema, "Majani haya yana nguvu." Nguvu gani, na kiasi gani? Tusikisie. Tupime.

Majani ya mlonge yana protini. Protini hujenga mwili: nyama, damu, ngozi na nywele. Mtoto anayelishwa muhogo mtupu kila siku huweza kupata unyafuzi. Huvimba miguu na uso, na nywele zake hubadilika rangi.

Protini haionekani kwa macho. Wataalamu huipimaje? Huyakausha majani, huyasaga, kisha huyachemsha katika asidi kali. Ndani ya protini mna naitrojeni. Wanga, mafuta na sukari havina. Naitrojeni hiyo hutolewa ikiwa amonia, yenye harufu kali kama mkojo uliolala, ikapimwa. Jibu huzidishwa kwa 6.25. Kwa nini? Kwa kawaida gramu 100 za protini zina gramu 16 za naitrojeni. Gawanya 100 kwa 16, utaona. Njia hii aliianzisha Johan Kjeldahl wa Denmark mwaka 1883, alipokuwa akipima nafaka.

Gramu 100 za majani mabichi zina protini gramu 9 hivi. Gramu 100 za unga wa majani makavu zina gramu 25 hivi. Je, jua limetia protini? La. Maji yametoka tu. Ni kama samaki wa ng'onda: uzito hupungua, nyama ni ile ile.

Sasa tufanye hesabu ambayo wasifu wa mlonge huisahau. Mtoto wa miaka miwili huhitaji protini gramu 13 hivi kwa siku. Kijiko kikubwa cha unga, kama gramu 8, kina gramu 2 tu. Ni msaada, si mlo. Utie katika uji wake, na umpe pia dagaa, kunde au yai. Mtoto aliyekwisha kuvimba asicheleweshwe nyumbani kwa majani. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mizizi na magome ni jambo jingine. Yana sumu, na mama mjamzito asiyatumie kabisa.

Maswali

1. Gramu 40 za unga wa mlonge zina protini gramu ngapi?
2. Kwa nini unga una protini nyingi kuliko majani mabichi ya uzito ule ule?
3. Jana mtoto wako alikula nini? Taja vyakula vyenye protini.